Mzee Januari na Pofu wa Shira

Mzee Januari alikuwa ameishi miaka thelathini na sita chini ya Mlima Kilimanjaro bila kuukanyaga hata hatua moja. Alitoka Kasulu akiwa kijana wa kukata miwa, akahamishiwa kiwandani, akawa fundi wa mitambo ya kukamua, na siku aliyostaafu walimpa cheti, saa ya ukutani na soda. Kila asubuhi ya miaka hiyo yote mlima ulikuwa pale juu ya mashamba ya miwa, mara mweupe, mara umejifunika. Aliujua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani tajiri: unalijua paa lake, hujui kilichomo ndani.

Alichokijua yeye ni ndege. Hakuna aliyemfundisha. Enzi za zamu za alfajiri alikuwa akipita kando ya mifereji ya shamba, akawatazama yangeyange na korongo wakivizia vyura, na siku moja akanunua daftari la shule akaandika: "Kwarara wanne, mfereji wa tatu." Hakuacha tena. Mkewe, Evelyn, ndiye peke yake aliyelijua daftari hilo, na alizoea kumtania kwamba amejipatia nyumba ndogo yenye mabawa.

Evelyn alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nyumba ilibaki na sauti mbili tu: ya redio, na Jumapili jioni ya binti yao Eva, aliyepiga simu kutoka Mwanza kuuliza kama baba amekula. Baba alisema amekula. Wakishamaliza hilo walikuwa wakisikilizana pumzi kidogo, kisha wanaagana.

Habari za pofu, mnyama yule wa jamii ya swala, aliambiwa na dereva mmoja wa trekta la miwa ambaye ujanani alikuwa mgumu, kama wanavyoitwa wabeba mizigo wa mlimani.

"Kule Shira," dereva alisema, "upande jua linakozama, kuna uwanda mpana. Ukiacha maji kwenye ndoo, asubuhi unayavunja kwa jiwe. Na pofu wapo."

Januari hakuamini. Pofu alimjua kuwa mnyama wa nyika, mkubwa kuliko fahali, mwenye ngozi inayoning'inia kooni. "Wanafuata nini kwenye baridi ile?"

"Mimi nitajuaje? Walipanda, wakabaki."

Neno hilo lilimkaa mzee kichwani kama mwiba uliokatikia ndani. Alilala nalo, akaamka nalo. Mwezi wa nane alikwenda Moshi mjini akamtafuta mwongoza wageni aliyeelekezwa, mwanamke wa makamo aitwaye Theodora, mwenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo baba," Theodora alisema, akamvutia kiti. "Unataka kufika kileleni kwa siku ngapi?"

"Marahaba. Kileleni sitaki. Nataka kuwaona pofu wa Shira."

Theodora aliweka kalamu chini. Miaka kumi na saba alikuwa akipandisha watu, na wote walitaka kitu kimoja: kupigwa picha pale juu. "Pofu siwezi kukuahidi, baba. Wale hawana ratiba."

"Sikukuomba ahadi."

Basi wakakubaliana siku nne, na mzee akatoa katika mafao yake. Jirani zake walipoona amenunua koti zito mitumbani walimuuliza kama anahamia Ulaya.

Walipanda watu sita kwa jumla: Januari, Theodora, wagumu watatu, na mpishi. Gari liliwazungusha mpaka upande wa magharibi, likapita kwenye msitu ambamo mbega walikuwa wamekaa juu ya matawi na mikia yao myeupe ikining'inia kama mapazia, kisha likawashusha miti ilipokwisha. Kutoka hapo walitembea. Mzee alitembea vizuri kuliko walivyodhani. Kilichomshinda ni upana. Uwanda wa Shira ulifunguka mbele yake, majani mafupi ya rangi ya simba, vichaka vigumu, mawe meusi, na hakuna moshi, hakuna paa, hakuna hata mbwa anayebweka. Alikuwa amezoea upweke wa vyumba viwili. Huu ulikuwa mwingine, hauna ukuta wa kuuegemea.

Mpishi aliitwa Remigius. Alikuwa mtu wa Masama, mwenye miaka hamsini na kitu, mwembamba, mchache wa maneno. Jioni ya kwanza alimwona mzee amekula nusu sahani na kuirudisha. Asubuhi yake alimpakulia sahani ndogo iliyojaa, badala ya kubwa, naye mzee akaimaliza bila kujua kwa nini.

Siku ya pili walizunguka tangu jua lilipochomoza. Waliona kinyesi cha pofu, bado kibichi, na nyayo zilizoshuka kwenye kijito. Waliona chozi wa kijani akinyonya maua ya lobelia iliyomzidi mtu urefu, na Januari alisimama hapo muda mrefu mpaka vidole vikafa ganzi kwenye darubini. Pofu hawakuwaona. Theodora alitaka kumtuliza.

"Kesho, baba. Bado tuna kesho."

"Usijali, mwanangu. Mimi nimesubiri kwarara miezi minne."

Siku ya tatu asubuhi mgumu mmoja, Primus, aliamka akitapika. Kichwa kilimuuma mpaka hakuweza kufumbua macho, na alipojaribu kusimama alipepesuka kama mlevi. Theodora hakupoteza muda. Ugonjwa wa mwinuko alikuwa amewahi kuuona ukiua, na dawa yake ni moja tu, kushuka. Wagumu wawili waliobaki wangemshika Primus huku na huku, yeye Theodora angetangulia na redio ya mawasiliano mpaka mahali gari linapofika. Mzee angebaki kambini na mpishi.

"Nitarudi kesho asubuhi tukushushe," alimwambia Januari. "Remigius anakijua kila kichaka cha hapa. Nakuomba jambo moja, baba. Kijito kile usikivuke. Ukungu wa hapa hauna hodi."

"Nimesikia."

Wakaondoka. Remigius aliosha vyombo, akavianika juu ya jiwe, kisha akachukua madumu mawili kwenda kuchota maji juu kidogo, mahali kijito kilipokuwa safi. Ilikuwa kama saa nne, jua limewaka, mbingu bluu tupu. Mzee alikaa mlangoni pa hema na darubini yake.

Ndipo akamwona. Ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko, alisimama pofu dume, peke yake. Alikuwa mzee. Rangi ya mwili ilikuwa imemtoka, amekuwa wa kijivu kama majivu ya mkaa, na kwenye paji la uso alikuwa na kishungi cheusi cha manywele. Pembe moja ilikuwa imevunjika ncha. Alikuwa akila polepole, anainua kichwa, anatazama mbali, anarudi kula.

Januari alimtazama mpaka machozi ya baridi yakamtoka. Kisha yule pofu akageuka, akaanza kupanda, akapotea nyuma ya mawe.

Baadaye, kila alipoulizwa, mzee hakuweza kueleza aliwaza nini. Alikumbuka tu kwamba maji ya kijito yalikuwa baridi mno, na kwamba alikwisha kuvuka kabla hajajiambia kwamba anavuka.

Alimfuata yule mnyama mwendo wa saa nzima au zaidi. Akifika kwenye mawe, pofu yuko mbele kwenye vichaka. Akifika kwenye vichaka, yuko mbele bondeni. Wala hakuonekana kukimbia. Kisha mzee alihisi ubaridi shingoni, akageuka nyuma, na nyuma hapakuwepo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka msituni, mzito, mweupe, ukameza mteremko, mawe, kijito, na mwisho ukammeza na yeye.

Alifanya alichowahi kusikia: asitembee. Akapapasa mpaka akapata jiwe kubwa, akakaa chini upande usio na upepo, akavuta koti mpaka masikioni. Kidogo kidogo ukimya ukawa mkubwa kiasi kwamba aliusikia moyo wake mwenyewe. Aliwaza kuwa, kama angekufa hapo, Eva angepiga simu Jumapili, ingeita, ingekata, naye angedhani baba amelala mapema.

Hapo akasikia kitu. Kak. Kak. Kak. Sauti kavu, ya taratibu, kama kiungo cha mashine kilicholegea. Fundi wa mitambo wa miaka mingi hawezi kupitwa na sauti kama hiyo. Alikaza masikio. Ilikuja karibu, ikasimama, ikasogea. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni magoti. Alikuwa ni yule pofu mzee, anatembea ndani ya ukungu, na magoti yake yanalia kwa kila hatua. Hakuwa mbali. Mara akapumua kwa nguvu puani, na mzee akasikia majani yakikatwa na meno.

Hivyo wakakaa, mmoja anakula, mmoja anasikiliza. Hawakuonana. Januari alikohoa mara moja, hakuweza kujizuia, na yule mnyama alinyamaza kidogo tu, kisha akaendelea kula.

Hakujua muda gani ulipita. Ghafla, mbali, sufuria ikagongwa.

"Mzee Januari!"

Ilikuwa sauti ya Remigius. Mzee alifumbua mdomo ajibu. Kisha akaufumba.

"Mzee Januari!"

Alikuwa hajalisikia jina lake likiitwa hivyo kwa muda mrefu. Simu ya Eva ilisema "baba". Watu wa mtaani walisema "mzee". Kanisani walisema "jirani yetu". Huyu hapa mtu alikuwa ametoka kwenye moto wake, ameingia kwenye ukungu, anagonga sufuria na kulitamka jina lote, kama anayetafuta kitu chake. Acha aite tena mara moja, mzee alijiambia. Mara moja tu.

Remigius aliita mara ya tatu, karibu zaidi. Magoti yalilia haraka haraka, pofu akaondoka. Mara ya nne mpishi aliacha Kiswahili. "Meku! Meku!" aliita, yaani mzee, kwa Kichagga, kama mtu anavyomwita baba yake mwenyewe.

Januari alivuta pumzi ajibu. Kabla hajatoa sauti, sufuria ililia mara moja vibaya, kama iliyotupwa, ikabingirika juu ya mawe. Halafu kimya.

"Nipo hapa," mzee aliita.

Hakujibiwa.

"Remigius! Nipo hapa!"

Sasa alisimama, hofu ikamvua baridi yote. Alitembea kwa mikono, akishika jiwe baada ya jiwe, akiita, akisimama, akisikiliza, mpaka aliposikia mtu akiguna chini yake. Remigius alikuwa ameanguka kwenye genge dogo, si refu kuliko mlango, lakini mguu wa kulia ulikuwa umeingia katikati ya mawe mawili na kifundo kilikuwa kimeelekea kusikoelekea vifundo. Uso wake ulikuwa na jasho katika baridi ile.

"Umeumia, mzee wangu?" Remigius aliuliza.

Mimi, aliwaza Januari. Ananiuliza mimi.

Alimtoa mguu. Alivua skafu yake, akaukaza kwa vijiti viwili vya kichaka, kwa mikono iliyozoea kufunga vitu vilivyovunjika. Remigius alimwonyesha njia: wasikilize maji, wakiyapata wayafuate yanakoelekea. Walishuka hivyo, mpishi amemwegemea mzee, mguu mmoja ukining'inia, wakipumzika kila hatua kumi. Ukungu ulianza kupasuka walipofika kijitoni, na jua lilikuwa bado halijazama walipoingia kambini.

Januari alimlaza kwenye hema la jiko. Alijaribu redio ndogo waliyoachiwa, akampata Theodora, ambaye alisema Primus anaendelea vizuri na kwamba machela itafika asubuhi. Halafu mzee akawasha jiko. Alipika uji, ukaungua kidogo chini, akamshikia mpishi kikombe.

Walikunywa. Mwishowe mzee alisema, "Nilikusikia."

Remigius alipuliza uji wake.

"Mara ya kwanza nilikusikia. Na ya pili. Sikuitika."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ulikohoa. Ukungu unabeba sauti. Nilijua uko hai na uko karibu." Remigius alisogeza mguu, akakunja uso. "Nilidhani hutaki kuonekana. Wengine hupanda kwa ajili hiyo. Nimewahi kumteremsha mmoja."

"Hapana," mzee alisema. "Hapana, si hivyo." Alitafuta maneno, na yaliyokuja yalimtia aibu hata yeye. "Nilitaka uendelee kuita."

Mpishi alimtazama. Alikuwa na haki ya kukasirika, na pengine alikasirika, maana taya zake zilikaza. Kisha akanyoosha kikombe kitupu.

"Ungesema tu, mzee. Ningekuita hata hapa."

Asubuhi Theodora alifika na watu wa machela. Alipoona mguu ule alisimama wima. Remigius alimwahi, akasema ameteleza akichota maji. Januari angeweza kunyamaza. Uongo ulikuwa umekwisha pikwa, yeye ni wa kula tu.

"Si kweli," alisema. "Nilivuka kijito. Alikuja kunitafuta. Aliniita, nami nikachelewa kuitika."

Theodora hakupaza sauti. "Nilikuomba jambo moja tu, baba."

"Jambo moja tu."

"Sitakupandisha tena."

"Sawa, mwanangu. Una haki."

Walishuka mpaka mjini. Hospitalini walisema kifundo kimevunjika, miezi minne bila kupanda, labda mitano, na miezi hiyo ndiyo wageni walikuwa wengi.

Januari alirudi kwenye vyumba vyake viwili. Koti alilitundika, saa ya ukutani iliendelea kugonga, na Jumapili Eva alipouliza kama amekula alisema amekula. Alitaka kumsimulia mlima. Alianza, "Kule juu kuna baridi," akasikia watoto wakigombana upande wa pili, akasema watazungumza siku nyingine.

Wiki ya pili alipanda gari mpaka Masama. Aliulizia njiani, akapita kati ya migomba na mibuni, akafika uani kwa Remigius na mfuko wa sukari na mchele wa Chekereni. Mkewe, Elisifa, alikuwa akianua kahawa. Alimwamkia vizuri, akamkaribisha, lakini uso wake haukufunguka.

"Mama, mimi ndiye niliye…"

"Nakufahamu. Alishaniambia."

"Alikwambia yote?"

"Alisema hukuitika." Aliendelea kukusanya kahawa. "Ingia. Yuko ndani, amechoka kutazama dari."

Alimpakulia mtori wa ndizi hata hivyo, sahani ndogo iliyojaa, na mzee hakujua kama ni kwa kuelekezwa au kwa bahati. Yeye na Remigius walikaa karibu saa mbili. Waliongea maneno machache sana. Remigius aliuliza kama miwa hukatwa na mashine siku hizi. Januari aliuliza kama kahawa imezaa.

Alirudi tena, na tena, takriban kila baada ya wiki mbili. Kwa kuwa mguu wa mwenye nyumba ulikuwa umefungwa, alimkatia ng'ombe majani na kumchanjia Elisifa kuni. Alitengeneza mashine ya kumenyea kahawa iliyokuwa imekwama tangu mwaka uliotangulia. Alipoizungusha ikakubali, Elisifa alitoka jikoni akatazama, akasema, "Ee, kumbe," akarudi ndani. Watoto wa jirani walimuuliza yeye ni wa ukoo gani, akasema si wa ukoo wa huku, nao wakarudi kwenye mchezo wao.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Remigius alirudi kazini, akichechemea kidogo. Jumamosi moja Januari alifika akamkuta hayupo, yuko mlimani na wageni, anatarajiwa jioni hiyo. Alitaka kugeuza. Elisifa alimwambia akae, akamwekea panga na mgomba uliokatwa, ng'ombe wanasubiri. Alikatakata mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mibuni.

Remigius aliingia na begi mgongoni, midomo imepasuka kwa baridi.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

Akakaa, akavua viatu, akaosha miguu kwenye beseni. Alikuwa amechoka hata kuongea. Mzee alimwona hivyo, akasimama, akasema gari la mwisho la kushuka halitamsubiri. Hakuna aliyembembeleza abaki. Elisifa alimfungia ndizi kwenye gunia, na Remigius akavaa malapa akamsindikiza mpaka barabarani, polepole, kwa ajili ya mguu.

Walisimama kwenye vumbi, gunia katikati yao. Mlima ulikuwa umejifunika. Gari lilichelewa sana siku hiyo, na hakuna kati yao aliyelalamika.